Hesabu Hailowi

Safari kumi na moja za kwanza si zake. Dereva bodaboda wa Kigoma anayeamka alfajiri, akawasha pikipiki ya bosi na kushuka nayo kijiweni, mpaka amshushe abiria wa kumi na moja anakuwa amemfanyia kazi mwenye pikipiki, kituo cha mafuta, mama ntilie na kijana wa kuosha pikipiki. Abiria wa kumi na mbili ndiye wa kwanza kulipa pesa itakayofika nyumbani kwa dereva mwenyewe. Mvua ikinyesha, wale kumi na moja wa mwanzo bado wanadaiwa. Inayokatwa ni mikia, na mikia ndiyo yake.

Namba hizo zimetoka wapi? Nimeweka mfano ulio ndani ya viwango ambavyo dereva wa mji wowote wa mkoani atavitambua. Mwenye za kwake azichomeke mahali pa zangu, kwa kuwa mtindo wa hesabu hautabadilika sana. Siku ya kawaida yenye jua ina safari 18 kwa wastani wa nauli ya shilingi 1,500, maana kuna wa buku, kuna wa buku mbili wa kwenda Ujiji, na wapo wa katikati. Jumla 27,000. Safari hizo pamoja na kurudi mtupu ni kama kilomita 90, na pikipiki ya cc 125 au 150 iliyotunzwa hutembea kilomita 45 kwa lita. Hizo ni lita mbili. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, na Kigoma kwa kawaida huwa juu ya Dar es Salaam, kwa sababu mwisho wa reli ni mwisho wa reli hata kwa petroli: kutoka bandarini hadi huku ni kilomita zipatazo 1,250. Nitatumia 3,000 kwa lita ili mahesabu yawe mepesi, kwa hiyo mafuta ni 6,000. Bosi anachukua hesabu ya 8,000. Chakula 3,000. Kuosha 1,000. Oili, cheni, brekishuu na tairi tuviwekee 1,500 kwa siku, kwa kuwa vinaisha kila siku hata kama vinanunuliwa mara moja kwa miezi.

Zinabaki 7,500.

Sasa tenganisha gharama zinazokuja kwa kila abiria na zile zinazokuja hata abiria asipokuwepo. Kila safari inakula mafuta ya shilingi 333 na uchakavu wa 83, hivyo katika nauli ya 1,500 inabaki 1,083 na ushee. Upande wa pili kuna 12,000 za lazima: hesabu, sahani ya wali, kuosha. Gawa 12,000 kwa 1,083 upate 11 na chembe. Huo ndio mpaka wa safari ya kumi na moja.

Jumamosi iliyolowa

Chukua siku ya Januari. Kigoma iko kwenye ukanda unaopata msimu mmoja wa mvua, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huuita kwa kifupi Mvua za Msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa mwaka mji hupata kama milimita 1,000, na karibu zote huangukia miezi hiyo. Julai ni vumbi.

Siku ya mvua ya kutwa, dereva wetu anapata safari 8. Sita kwa nauli ya kawaida na mbili za watu wenye haraka waliokubali buku mbili, jumla 13,000. Mafuta hayapungui sawasawa na abiria, maana utelezi unataka gia ndogo, na pikipiki inanguruma pale pale ikitafuta pa kupita. Weka lita moja na kidogo, 3,300. Kuosha sasa ni 2,000 kwa sababu ya tope. Chakula ni kile kile. Uchakavu niliuacha kwenye 1,500 ingawa kilomita zimepungua nusu: mchanga uliolowa unatafuna cheni na breki kuliko lami kavu. Hesabu 8,000. Matumizi yote 17,800, mapato 13,000, upungufu 4,800.

Mapato yameshuka kwa asilimia 52. Kilichobaki mfukoni kimetoka kwenye faida ya 7,500 hadi deni la 4,800, ambalo ni anguko la 12,300, zaidi ya asilimia 160 ya faida ya siku nzuri. Mvua ilikata nusu ya nauli, ila yeye amepoteza zaidi ya yote aliyokuwa nayo.

Hiyo ilikuwa siku yoyote. Wikendi ina ukatili wake. Jumamosi ndiyo siku ya harusi Ujiji, ya mechi kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, ya watu wa vijijini kushuka sokoni Mwanga, na tuipe safari 24. Faida yake ikiwa kavu ni 14,000. Jumapili, kwa mabosi wengi, ni siku ya dereva: hesabu haidaiwi, pikipiki iko mikononi mwake, na safari 18 za kanisani, hospitalini Maweni na kutembelea ndugu zinamwachia 15,500. Siku mbili hizo ni 29,500 katika wiki yenye faida ya 67,000. Asilimia 44 ya wiki inakaa ndani ya saa 48.

Zinyeshewe zote mbili. Jumamosi inamwachia upungufu wa 4,800. Jumapili, kwa kuwa hakuna hesabu, inamwachia 3,200. Badala ya 29,500 amemaliza wikendi akidaiwa 1,600. Amepoteza 31,100. Kwa kipimo cha barabarani, hizo ni faini tatu na ushee za trafiki, tangu Serikali iliposhusha faini ya bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa katika bajeti ya mwaka 2021/22. Punguzo lile lilishangiliwa nchi nzima, na lilistahili. Mvua haina mbunge wa kuisemea bungeni.

Nani analowa

Swali ambalo halipendwi kuulizwa kijiweni bosi akiwepo ni hili: nauli zilizopotea zilikuwa za nani? Wikendi hii abiria hawakulipa 37,000 ambazo wangelipa kwenye jua. Fuatilia shilingi hizo. Kituo cha mafuta kimeuza pungufu ya 7,400. Mwosha pikipiki ameongeza 2,000. Uchakavu umepungua kwa 500. Bosi amepata 8,000 zake za Jumamosi kama kawaida, yaani amepoteza sifuri. Zilizobaki, 31,100, zimetoka kwa dereva. Katika kila shilingi 100 ambazo mvua imezinyang'anya barabara za Kigoma na Ujiji, 84 zimetoka kwenye mfuko mdogo kuliko yote iliyohusika.

Ukitaka ukubwa wake, chukua madereva 1,000 kama kipimo tu, kwenye manispaa ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 232,388. Wikendi moja ya mvua inakuwa shilingi milioni 37 za nauli zisizolipwa, na milioni 31.1 za chakula cha jioni, vikoba na kodi za vyumba.

Kuna watu wengine duniani ambao wikendi yao huharibiwa na mvua wakiwa juu ya pikipiki, na kuwatazama kunasaidia kuona kilicho cha ajabu kwenye mkataba wa hapa. Ni washindani wa ridhaa wa mbio za barabarani. Ulaya wapo maelfu: fundi bomba, mwalimu, karani wa benki, ambao Ijumaa jioni hupakia pikipiki kwenye gari dogo na kwenda kushindana. Kisiwa cha Man, katikati ya Uingereza na Ireland, kilianzisha mbio maalumu kwa watu hao mwaka 1923, na ndizo leo zinaitwa Manx Grand Prix. Wanazunguka barabara zile zile za umma za mbio kubwa za TT, mzunguko mmoja ukiwa kilomita 60.7. Mbio kuu za TT, zinazoitwa Senior, ni mizunguko sita, kama kilomita 364. Dereva wetu wa Mwanga anamaliza umbali huo kwa siku nne, akiwa na abiria nyuma na mfuko wa dagaa juu ya tangi.

Mshindani wa ridhaa hulipa mapema. Ada ya kushiriki, petroli ya gari la kubebea, tairi, siku za likizo alizoziomba kazini: vyote vimeshatoka kabla wingu halijaonekana. Tena anahitaji seti mbili za tairi, za kavu na za mvua, kwa kuwa zile laini zenye mifereji ya kutema maji huungua na kuchakaa haraka lami ikikauka. Kwenye MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia ambako pesa si tatizo, tangu 2005 kanuni inamruhusu mpanda pikipiki kuingia ndani na kutoka na pikipiki ya pili iliyofungwa tairi za hali ya hewa iliyopo. Wa ridhaa hana pikipiki ya pili. Mvua ikiharibu Jumamosi, mara nyingi ada hairudi. Mpaka hapo ni ndugu kabisa wa dereva bodaboda: gharama za lazima zimelipwa, mapato, ambayo kwake ni furaha na pointi, hayakuja.

Tofauti inakuja pale anapotokea mtu mwenye bendera nyekundu ya kusimamisha mbio. Mwaka 2012 waandaaji wa TT walifuta Senior nzima kwa sababu barabara ilikuwa na mabaka ya maji. Walikuwepo watazamaji waliosafiri kutoka nchi nyingi, wafadhili, televisheni. Wakafuta. Mshindani alikasirika, akafunga mizigo, na Jumatatu akarudi kwenye kazi yenye mshahara. Kigoma hakuna anayeinua bendera nyekundu. Kilichopo ni hesabu, nayo inasukuma upande wa pili.

(Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya kutofuta. Safari Rally ya 1963, na tena ya 1968, ilinyeshewa mpaka magari 7 tu yakafika mwisho kati ya zaidi ya 80 yaliyoanza kila mwaka. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwenye Peugeot 404. Tunawakumbuka wale saba kama mashujaa, na huenda hapo ndipo tulipojifunza kuiona barabara ya tope kama mtihani wa uanaume.)

Dakika nne

Mvua imenyesha toka asubuhi, saa nane mchana imekatika. Dereva ana safari sita. Anahitaji sita nyingine ndipo aanze kujihesabia, na jua linazama kabla ya saa moja na nusu. Barabara bado imelowa. Unadhani atapunguza mwendo?

Kutoka Mwanga kwenda Ujiji tuhesabu kilomita 8. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni dakika 12. Kwa 60 ni dakika 8. Mwendo umemnunulia dakika 4. Bei yake inalipwa kwa mita. Lami kavu ina kiwango cha msuguano kama 0.7. Iliyolowa, kama 0.4, na chini zaidi kwenye dakika za kwanza za mvua, pale maji yanapoinua vumbi na mafuta ya magari kabla hayajayasafisha. Udongo mwekundu wa njia za kupandia mitaani, ukilowa, unaweza kushuka hadi 0.2. Kwa kilomita 40, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka na kushika breki, pikipiki inasimama baada ya mita 20 kwenye lami kavu, mita 27 kwenye iliyolowa, na mita 43 kwenye tope. Panda hadi 60 kwenye lami iliyolowa na utahitaji mita 52. Zile dakika 4 zimegharimu mita 25 za nyongeza, nyingi kuliko upana wa barabara yoyote ambayo mtoto anaweza kuikatiza Kasingirima.

Hizo ni mita za tairi nzima. Tairi iliyoisha kashata haina pa kupeleka maji. Mshindani wa ridhaa anabadilisha tairi kwa sababu ya wingu. Dereva anabadilisha tairi waya zikionekana, na si kwa ujinga. Tairi ya nyuma inakula faida ya siku kadhaa, na siku ya kuinunua haijawahi kuwa siku ya mvua, kwa sababu siku ya mvua ndiyo isiyo na pesa.

Vingine namba hazivisemi vizuri. Reli za karibu na stesheni zikilowa zinateleza kama samaki, na dereva mzoefu anazikata kwa pembe ya mraba huku mkono ukiwa mbali na breki ya mbele. Barabara ya Lumumba inashuka kutoka Mwanga hadi stesheni kwa mteremko wa kutosha kuleta mchanga wa juu hadi chini, na mchanga huo unabaki pale mvua ikishakwisha, kavu juu, laini chini. Hapo wanaanguka hata wa siku nyingi.

Nauli basi ipande, mtu atasema. Tujaribu. Ili siku ya safari 8 isimwingize kwenye deni, kila abiria alipe 2,225. Ili apate 7,500 zake za kila siku, alipe karibu 3,200 kwa safari ya 1,500. Hakuna atakayelipa hiyo Mwanga. Mwenye haraka sana atakubali buku mbili, wa kawaida atasimama chini ya bati la duka akisubiri ikatike, na mwenye mtoto atasimamisha bajaji. Bajaji ina paa. Paa hilo ndilo linalohamisha pesa siku ya mvua: sehemu ya zile nauli zilizopotea haikupotea mjini, imehama kutoka magurudumu mawili kwenda matatu. Sijaiingiza kwenye mahesabu yangu, na ukiihesabu, hasara ya mji inapungua huku ya dereva ikibaki palepale.

Milimita si kipimo

Tungependa kusema milimita kadhaa za mvua zinagharimu shilingi kadhaa. Ukubwa wenyewe unavutia. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 juu ya manispaa yenye kilomita za mraba kama 128 ni lita bilioni 2.56. Kwenye barabara peke yake ya Mwanga hadi Ujiji, kilomita 8 kwa upana wa mita 7, ni lita milioni 1.12, sawa na maboza 112 ya lita 10,000 yakimwagwa kwenye lami moja. Yote yanatafuta njia ya kushuka ziwani.

Ila milimita 20 zikinyesha saa tisa usiku hadi saa kumi, dereva hapotezi kitu zaidi ya kuosha. Milimita 5 za manyunyu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana zinamla siku nzima. Kinachomuua ni saa, na zaidi ya hapo ni saa zipi. Asubuhi ya Jumatatu ina wanafunzi na wafanyakazi ambao watakwenda tu, mvua au isiwe. Jioni ya Jumamosi ina watu wanaoweza kuahirisha. Mvua inawakata wale wa hiari, na wikendi ni ya hiari karibu yote.

Ziwa nalo lina kalenda yake. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo katika kila siku 29 na nusu kuna majuma ambayo mialo ya Kibirizi na Katonga inajaa mifuko na wachuuzi kuanzia alfajiri, na kuna juma kimya. Wikendi ya mvua ikiangukia giza inauma mara mbili, kwani dagaa waliotandazwa juani hawakauki, mchuuzi hana cha kusafirisha, na dereva wa mwaloni hana hata ule mzigo ambao haujali kulowa. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi ya kiangazi, miezi ambayo dereva wa mwaloni huitegemea kufidia miezi ya mvua. Alipigwa pande zote mbili za mwaka. Na maji yalipopanda ziwani mwaka 2021, na tena 2024, yakafunika sehemu za mwambao na kuingia kwenye majengo ya bandari na mialo, baadhi ya vijiwe vilihama tu, kimya kimya, bila fidia wala taarifa, kwa kuwa kijiwe hakina hati.

Tuurudie mwaka mzima. Msimu una wikendi 26. Tuseme 10 tu kati yake zimeharibika kama niliyoieleza, na mvua za katikati ya wiki tuzisamehe. Ni 311,000 kwa mwaka, katika faida ya mwaka ya 3,484,000, ambayo ni karibu asilimia 9. Mtu wa ofisini ataona asilimia 9 na kusema inavumilika. Angekuwa sahihi kama dereva angelipwa kwa mwaka. Analipwa kwa jioni, na wikendi mbili za mvua zikifuatana haziulizi wastani.

Kwa aliye kwenye mkataba wa kuilipia pikipiki mpaka iwe yake, hesabu ni kali zaidi. Tuseme pikipiki mpya ni milioni 3, na mkataba ni 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 18. Hizo ni siku 468, shilingi 4,680,000. Ile 1,680,000 ya juu ndiyo riba, ingawa haiitwi riba na mtu yeyote. Zile 311,000 za mvua ni malipo ya siku 31. Ikiwa bosi anaruhusu siku kusogezwa, mvua imemwongezea dereva zaidi ya mwezi wa mkataba kwa kila mwaka. Ikiwa haruhusu, ndipo pikipiki inapochukuliwa mwezi wa kumi na tano, malipo 390 yakiwa yameshaingia, milioni 3.9 kwa pikipiki ya milioni 3, na dereva anarudi nyumbani kwa miguu. Bosi anasema kijana hakuwa mwaminifu.

Bima ipo duniani ya mambo haya. Wakulima wa Kenya walianza kuuziwa kupitia simu mwaka 2009, mradi ukiitwa Kilimo Salama: kituo cha hali ya hewa kikirekodi mvua chini ya kiwango, fidia inakwenda bila mkaguzi kutembelea shamba. Kwa bodaboda ingekuwa kinyume, fidia ije mvua ikizidi. Kufidia 311,000 kwa mwaka kunahitaji mchango wa karibu 6,000 kwa wiki kabla kampuni haijaweka faida yake. Mimi naona ni ghali kwa mtu anayebaki na 7,500 kwa siku, na kituo kimoja cha hali ya hewa uwanja wa ndege hakijui kilichonyesha Ujiji. Hapa mvua za wingu moja zinaweza kulowesha Kitongoni na kuacha Gungu na vumbi lake.

Rahisi kuliko bima ni hesabu yenyewe. Bosi wa 8,000 kwa siku, siku 312, anakusanya 2,496,000 kwa mwaka. Akisamehe nusu ya hesabu kwenye Jumamosi 10 za mvua, anaachia 40,000, asilimia 1.6. Akisamehe yote, 80,000, asilimia 3.2. Upungufu wa dereva wa Jumamosi hiyo unashuka kutoka 4,800 hadi 800 kwa msamaha wa nusu, na kwa msamaha wa yote anabaki na 3,200. Mpaka wake wa safari nao unahama. Hesabu ikiwa 4,000, gharama za lazima ni 9,000 pamoja na kuosha tope, na safari ya tisa tayari ni yake. Saa nane mchana akiwa na sita, anahitaji tatu, si sita, na 40 kwa saa inatosha kuzipata.

Wapo mabosi wanaofanya hivyo bila kuandika popote. Kinachowagombanisha wengine ni kipimo, kwani kila anayechelewa kuleta hesabu ana mvua yake. Hapo saa zinafaa kuliko milimita: kijiwe kikikubaliana kwamba mvua isiyokatika kwa saa nne kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni ni nusu hesabu, na mwenyekiti wa kijiwe ndiye anayetuma ujumbe kwa mabosi wote saa ile ile, wa Ujiji hawezi kudai mvua ya Ujiji akiwa amepaki Mwanga. Bado kuna tundu. Mwenyekiti naye ni dereva, na naye ana bosi.